Chuo cha Akiba

Fergus Falls, Minnesota
2 Septemba

Dada Marit,

Ningekupigia simu, ila huko milimani kwako Vermont sauti inakatika kila neno la pili, na mara ya mwisho ulinikatia wewe mwenyewe ukisema nabweka. Kwa hiyo naandika, kama mama alivyotuzoesha. Ukiona kalamu imetoboa karatasi, jua nimefika kwenye habari za binti yangu Signe.

Mwaka huu anamaliza shule. Wewe ulikaa ofisi ya udahili ya chuo cha Wexcombe miaka na miaka ukisoma maombi ya watoto wa watu, ukiamua nani aingie na nani abaki kwao. Sasa nisomee la mpwa wako. Ni wa kwanza darasani. Mtihani wa vyuo amepata 1540 kati ya 1600, na hapa mjini hakuna anayemkumbuka mtoto aliyewahi kufika huko. Anapiga kinanda kanisani. Ni nahodha wa timu ya mbio za theluji. Kiangazi anafungua injini za boti dukani kwangu na kuzifunga tena bila skrubu kubaki mezani, jambo ambalo mafundi wangu wawili bado linawashinda.

Nimechagua vyuo saba, vyote vya hali ya juu, Wexcombe kikiwa cha kwanza. Ataomba na chuo kikuu cha jimbo, kama kila mtoto wa hapa. Halafu kuna Tamarack, kile kidogo cha kaskazini ziwani, cha akiba tu, iwapo vingine vyote vitamkataa. Mshauri wa shule, Bwana Haugen, kila nikimwuliza Signe ana nafasi gani ananijibu kwamba ana nafasi kama mwingine yeyote. Hilo si jibu. Nadhani hata sura yake haijui. Nataka neno la mtu anayejua, na usinipake mafuta.

Ndugu yako,
Dale


Vermont
11 Septemba

Dale,

Salamu ulizosahau kuniletea nimezipokea.

Basi sikupaki mafuta. Wexcombe, kati ya watoto mia kama Signe, walikuwa wakiingia sita. Sisemi mia wa kuokoteza njiani. Nasema mia kama Signe, wa kwanza madarasani, wenye alama hizo na zaidi. Nilikuwa naanza kuwasoma asubuhi, na kufikia chakula cha mchana nimekwisha kuwakataa wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na kasoro. Viti havikutosha, basi.

Kinanda hakitamsaidia, wapiga kinanda tulikuwa nao tele. Kutoka mji mdogo wa Minnesota kutamsaidia kidogo. Injini zako zitamsaidia zaidi, kama atajua kuziandika. Hayo yote yanaisogeza sita iwe nane, labda tisa, na vile vyuo vingine ni hivyo hivyo. Tena usifanye kosa la wazazi wote la kujumlisha, kwamba tisa mara saba ni sitini na tatu, kwa hiyo mtoto ameshaingia. Hesabu haziendi hivyo. Anayekataliwa huku hukataliwa na kule, kwa sababu zile zile.

Tamarack ni hakika. Mtoto wa alama hizi hawawezi kumkataa, kwa hiyo hapo lala usingizi.

Usinichukie. Uliuliza mwenyewe.

Marit


Fergus Falls
25 Septemba

Shangazi mpendwa,

Baba aliniwekea barua yako mezani niisome, kisha akakaa mbele yangu kuniangalia usoni. Nikajitahidi nionekane nimehuzunika. Ukweli ni kwamba nilifurahi.

Nakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Wexcombe sikitaki. Vyote saba sivitaki. Ninachotaka ni Tamarack. Mwaka juzi shule ilitupeleka huko, wakatupandisha kwenye meli yao ya utafiti, ndogo, inanuka dizeli na samaki. Wenzangu walitapika. Mimi niliachiwa nishushe chupa za kuchotea maji ya vilindini, na profesa mmoja, mama mwenye mikono ya kifundi kabisa, akaniuliza nadhani ni kwa nini injini yao inakohoa vile. Nikamwambia. Akashuka kuangalia, akarudi akasema niko sahihi. Kila Februari wanatembea juu ya barafu ya ziwa, wanaitoboa, wanapima maji yaliyo chini yake. Nataka kufanya kazi hiyo, Shangazi, na sijawahi kutaka kitu kama ninavyoitaka.

Kumwambia Baba sithubutu. Anawatajia wateja jina la Wexcombe hata wale waliokuja kununua plagi moja. Unajua mwenyewe kwamba yeye hakusoma chuo, duka lilimwangukia yeye babu alipougua. Anasema mimi nitakwenda kwa niaba yake.

Swali langu ni hili. Novemba kila mtoto anaruhusiwa kutuma ombi moja la ahadi, anaapa kwamba wakimchukua atakwenda huko huko na si kwingine. Langu nilipeleke Tamarack? Na nafasi yangu pale ni kiasi gani? Tafadhali usimwambie Baba.

Signe


Vermont
4 Oktoba

Signe mwanangu,

Siri yako iko salama. Nilipofika kwenye injini inayokohoa nilicheka peke yangu jikoni.

Sasa msikilize mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Ombi la ahadi lina maana pale tu ambapo mlango ni mwembamba. Tamarack mlango uko wazi, kulipeleka huko ni kulitupa. Lipeleke Wexcombe. Desemba watakukataa, baba yako atachemka wiki mbili kisha atapoa, naye atakuwa amejaribu. Machi wale wengine sita watakukataa pia, na Tamarack watakuwa wanakusubiri kwa mikono miwili. Utapata unachokitaka bila kumvunja moyo mtu yeyote, na bila ugomvi nyumbani.

Wala usihangaike kwenda kuwatembelea tena. Utahitaji gari la baba yako, na ataanza kuuliza unakwenda kufanya nini mahali ambapo umeshapata. Wakikualika, waache. Jumamosi zako zitumie kuandika insha.

Nimeifanya kazi hii muda mrefu, najua mtoto gani anakataliwa wapi. Tamarack ni hakika.

Shangazi Marit


Fergus Falls
17 Desemba

Dada,

Wamemkataa. Hawakumwambia asubiri, wamemkataa moja kwa moja, kwa maneno matamu ya kutuambia jinsi mwaka huu ulivyokuwa na waombaji wazuri. Hongera kwa hesabu zako.

Aliisoma jikoni. Mke wangu Joan alikuwa anasukuma mikate ya viazi ya Krismasi, akasimama na unga mikononi. Mimi nilitaka kumfariji mtoto, nimkute analia, nimkumbatie. Nikamkuta anakula! Sahani mbili, Marit. Nikamwuliza kama haumii, akasema, "Shangazi alishatuambia." Wewe huko unamfundisha mwanangu kukata tamaa, na silipendi hilo hata kidogo. Mtu akivunjwa moyo mapema hajaribu tena kwa nguvu. Mimi najua, ndivyo nilivyofanywa.

Basi tumepatana hivi. Maombi ya vile sita atayaandika kwa moyo wote, na kila insha nitaisoma mimi kuhakikisha. Kimoja kikimchukua, anakwenda. Vikimkataa vyote, ataenda huko Tamarack na sitatia neno. Alinipa mkono haraka mno, hata nikashangaa.

Dale


Fergus Falls
9 Februari

Dada Marit,

Leo nina cha kukuchekesha. Wale Tamarack wanapiga simu dukani. Ni mama mmoja wa ofisi ya udahili, Bi. Okerlund, anataka Signe aende wakazungumze, au walau azungumze nao kwa simu. Mara ya kwanza nikamwambia yuko mazoezini. Mara ya pili nikamwambia ana mitihani. Jana nilikuwa na mashine ya theluji ya mtu imefunguliwa yote sakafuni, mwenyewe kasimama juu ya kichwa changu, na simu ikalia tena. Nikaona nimwambie ukweli asijisumbue. Nikamwambia, "Mama, binti yangu anangoja majibu ya vyuo vikubwa. Nyinyi kwake ni chuo cha akiba."

Akanishukuru kwa kusema wazi. Watu wa kaskazini wana adabu.

Signe sijamwambia. Ni mwendo wa saa tano kwenda tu, na barabara zilivyoganda sitaki awe njiani kwa sababu ya mahali ambapo ameshapata. Hebu niambie, ni kawaida yao kubembeleza hivi?

Dale


Vermont
18 Februari

Dale,

Sisi Wexcombe hatukuwahi kumpigia mtu simu. Chuo kinachobembeleza ni chuo chenye viti vitupu, wewe usiwajali. Ila ungeweza kumjibu yule mama kistaarabu zaidi. Yuko kazini kama wewe.

Na sikumfundisha Signe kukata tamaa. Nilimfundisha hesabu, kwa kuwa nyumbani kwenu hakuna anayezitaka.

Mabomba yangu yameganda. Fundi anakuja Alhamisi, na hii ni Alhamisi ya tatu anakuja.

Marit


Fergus Falls
30 Machi

Shangazi,

Vimenikataa vyote sita, kama ulivyosema. Baba alitimiza ahadi yake. Lilipofika jibu la mwisho aliinuka, akasema, "Haya, Tamarack," akanishika kichwani kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akatoka kwenda kusimama uani. Nilimhurumia. Lakini nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa isionekane.

Jibu la Tamarack lilikuja kesho yake. Wameniweka kwenye orodha ya kusubiri, kiti kikibaki ndipo waniite.

Nimelisoma na kulisoma tena nikidhani wamenichanganya na mtu. Kari Brandvold wa darasani kwetu, mwenye alama za katikati, wamemchukua. Alikwenda kuwatembelea mara tatu, mama yake akimpeleka. Namfurahia, kweli namfurahia, lakini aliponiambia nilikwenda kujifungia chooni.

Uliniambia ni hakika. Nimeichukua barua yako na neno lenyewe limo. Nieleze, maana mimi sielewi, na Baba haelewi, anazunguka dukani akisema hawawezi, hawawezi. Je, ni insha? Mle nilisema kweli tupu, ile meli, zile chupa, na kutembea juu ya barafu. Sasa naifikiria na naona labda walidhani natia chumvi. Mtu anayekipenda kitu hivyo si angekwenda kukiona?

Signe


Vermont
7 Aprili

Dale,

Nimempigia Bi. Okerlund. Nilitembea mpaka kilimani nyuma ya kanisa ili sauti isikatike. Nikamwambia niliwahi kufanya kazi Wexcombe, akasema, "Ndiyo, nyie mnachagua tu," na akasubiri niendelee.

Jina la Signe alilikumbuka kabla sijamaliza kulitaja. Insha yake waliisoma kwa sauti ofisini. Profesa wa meli alisema mleteni huyo. Walimtaka, Dale, kila mmoja wao alimtaka, na ndiyo sababu alipiga simu mara tatu. Lakini chuo kidogo kama kile kila mwaka kinachukua watoto wenye alama kubwa, nao wanakishukuru na kwenda zao kwingine, na Septemba viti vimebaki vitupu na mkuu wa chuo anauliza kwa nini. Kwa hiyo wamejifunza kumtazama mtoto. Haji kuwaona, hajibu mialiko, na baba yake anasema kwa kinywa chake kwamba wao ni akiba. Mtoto wa namna hiyo wanamweka pembeni kabla hajawaweka wao.

Hilo mimi sikulijua. Pale kwetu hakuna aliyetukataa, kwa hiyo halikunipitia hata akilini. Mimi ndiye niliyemwambia Signe asiende na asijibu. Nimekasirika na nafsi yangu mpaka nimeshindwa kukaa kitako tangu jana.

Na kuna jambo hulijui. Nitavunja siri ya mtoto, atanisamehe akitaka. Hajawahi kuvitaka vile saba. Toka Septemba alikuwa anataka Tamarack peke yake, na aliogopa kukuambia.

Habari za zile simu bado hazijui. Mwambie wewe, kabla sijamwambia mimi.

Marit


Fergus Falls
16 Aprili

Marit,

Nimemwambia. Alikuwa amelala chini ya mashine ya mteja, miguu tu ndiyo inaonekana, nikaona ni nafuu kuongea na miguu. Nikaieleza yote. Akatoka taratibu, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Walipiga mara ngapi?"

"Tatu."

"Na hukuniambia."

Nikamjibu kwamba na yeye hakuniambia kuwa anataka kwenda kule. Ningejuaje?

"Hukuniuliza, Baba. Kila mtu mjini umemwuliza nina nafasi gani. Mimi hukuniuliza nataka kwenda wapi."

Akarudi chini ya mashine akaimaliza, kazi safi. Tangu siku hiyo ananijibu ndiyo na hapana, kwa heshima, na heshima hiyo inaniuma kuliko kama angenitukana.

Kesho yake nilifunga duka nikaendesha mwenyewe mpaka Tamarack. Yule mama ni mfupi, mwenye miwani, alinipa kahawa. Nikamwambia kosa ni langu, mtoto hana hatia. Akasema ameelewa tangu ulipompigia, na kwamba anasikitika, lakini darasa limejaa na waliokubaliwa wameshaahidiwa. Hapo nikapandwa na hasira. Nikamwuliza ni dunia gani hii, juu wanamkataa mtoto kwa kuwa wako wengi kama yeye, na chini wanamkataa kwa kuwa amewazidi. Mtoto wa namna hii aende wapi? Akaniacha nimalize. Kisha akasema hawakumweka pembeni kwa sababu amewazidi, ni kwa sababu hakuja.

Nilikwenda kuiangalia ile meli gatini. Kutu tupu, rangi imebambuka. Nikakaa kwenye gari nikijaribu kuona anachokiona mwanangu pale, na sikukiona, ila niliendelea kukaa.

Miaka yote hii nilidhani kila mtu anataka kwenda juu. Mimi ndivyo ningetaka.

Dale


Fergus Falls
6 Mei

Shangazi,

Nimechelewa kukujibu kwa makusudi. Nilikuwa na hasira na wewe, na Baba, na mimi mwenyewe niliyekaa kimya mwaka mzima nikidhani ninyi wakubwa mnazijua hesabu. Hasira bado ninazo, ila sasa kalamu inashikika.

Nimethibitisha nafasi niliyopewa chuo cha jimbo. Septemba nitakwenda Minneapolis. Ni chuo kizuri, kila mtu ananiambia hivyo, kwa sauti ile wanayotumia kumwambia mgonjwa kwamba leo ana rangi nzuri.

Kwenye orodha ya Tamarack bado nimo. Nilikwenda wiki iliyopita, Baba alinipa funguo za gari na wala hakuuliza narudi lini. Nilimwambia Bi. Okerlund kwamba wakiniita hata siku ya kuamkia masomo nitakuja, na chuo cha jimbo nitakiaga siku hiyo hiyo. Alinitazama sana, na nadhani aliniamini. Profesa wa meli alikuwa ziwani. Nilimsubiri gatini mpaka baridi ikanishinda.

Baba siku hizi simu ya duka anaiweka karibu na mkono wake. Ikilia anamwacha mteja katikati ya neno, anataja jina la duka kwa adabu ambayo sijawahi kuisikia kwake. Mara nyingi ni mtu anauliza tunafunga saa ngapi. Ananitazama, anatikisa kichwa, tunaendelea na kazi. Hatujaanza kuongea vizuri, lakini jana aliniuliza ile chupa ya kuchotea maji ya chini inajifungaje yenyewe kule vilindini. Nikamweleza. Akaniuliza tena ili aelewe.

Bi. Okerlund alitaka kuniambia mwaka jana waliitwa watoto wangapi kutoka kwenye orodha. Alikuwa ameshafungua mdomo, nikamwomba asiseme. Wewe nakujua, utampigia, atakutajia, nawe utakaa na kalamu upige hesabu nina nafasi gani. Piga, siwezi kukuzuia. Lakini ukipata jibu, Shangazi, baki nalo.

Signe